Mwendo Kasi wa Kwenda Wapi?

Wapo watu, hasa vijana wetu, wanaoshikilia kwamba kompyuta ya nyumbani isiyokimbizwa kupita kasi ya kiwandani ni mali iliyolala bure, na kwamba mipango yake ya kubana umeme ni uvivu uliohalalishwa. Hoja hiyo naipinga. Naipinga si kwa kuwa mimi ni mzee wa chaki, bali kwa kuwa hesabu zake hazikubali.

Kwanza tuwape haki yao. Mwaka 1998 kampuni ya Intel iliuza prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, ya megahezi 300, yaani mapigo 66 ya ubao mama mara nne na nusu. Wajanja waliyapandisha mapigo ya ubao hadi 100, na nyingi kati ya prosesa hizo zikafanya kazi kwa megahezi 450 bila kulalamika, kwani zilitengenezwa kwa teknolojia ileile ya Pentium II za bei kubwa. Huo ulikuwa ushindi wa mnyonge, nami siubezi. Lakini ushindi wa prosesa moja umegeuzwa kuwa dini.

Tazama Core 2 Quad Q6600 ya mwaka 2007, ambayo huonekana katika kompyuta za mtumba. Kasi yake ni gigahezi 2.4: mapigo 266 mara tisa. Ikikosa kazi, mpango wa kubana umeme hushusha kizidisho hadi sita, nayo hupumzika kwa 1.6. Kijana mmoja mtaani kwetu alipandisha mapigo hadi 333 ili apate 3.0. Alipopima akaona 2.0, akatangaza kwamba ubao umekufa. Hakuna kilichokufa: 333 mara sita ni 2.0, na mashine ilikuwa imekaa bila kazi. Angeipa kazi nzito angeiona 3.0 yake. Badala ya kufanya hivyo, akazima mpango wa kubana umeme, akaongeza volti, na kompyuta ikaanza kuganda. Ndani yake dada yake, mwalimu wa sekondari, alihifadhi alama za wanafunzi wa kidato cha nne. Mafaili mawili hayakufunguka tena.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye ubaya. Kompyuta inayoganda inakuonya. Ya kuogopwa ni ile inayokosea kimyakimya, kwa maana mapigo ya ubao yakipanda, kumbukumbu nayo hukimbizwa pamoja nayo usipoirekebisha, na tarakimu moja ikipotoka haipigi kelele. Tena faida ni ndogo kuliko gharama. Umeme unaotumiwa na prosesa hupanda sawia na mapigo, na kwa mraba wa volti. Ongeza mapigo kwa asilimia 25 na volti kwa asilimia 10, na matumizi hayo yatapanda kwa asilimia 51 hivi. Yote hayo ili barua ichapwe na kidole kilekile, kwa mwendo uleule! Bili nani atailipa?

Anayetafuta kosa na afuate kanuni tuliyowafundisha walimu wanafunzi katika maabara ya chuo: badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Rudisha kwanza mipangilio yote ya kiwandani. Mashine ikikataa kuwaka, zima, chomoa waya ukutani, toa betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao, subiri dakika chache, kisha irudishe. Tatizo likiisha, mwizi umemjua. Lisipoisha, kagua vumbi, feni na joto kabla ya kuulaumu mpango wa umeme.

Isitoshe, tangu mwaka 2008 Intel imekuwa ikitoa prosesa za Turbo Boost, zinazojiongezea kasi zenyewe pale kazi inapozidi na joto linaporuhusu, kisha zikajishusha. Mashine imekwisha kujifunza kiasi. Ni sisi tunaoilazimisha kukisahau. Kushusha mapigo wakati wa mapumziko si uvivu hata kidogo. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu anayefundisha kwa sauti kuu darasa likiwa tupu.