Ziara za Utafiti katika Fizikia ya Plazima na Leza: Kinachobaki Mgeni Akiondoka

1.0 Utangulizi

Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ziara ya utafiti ng'ambo aghalabu huhesabiwa kuwa neema. Mhadhiri hupata barua ya mwaliko, nauli na posho. Hukaa miezi mitatu au sita katika maabara isiyopungukiwa na kitu. Hurejea na cheti na, akibahatika, jina lake limo katika makala yenye waandishi wengi. Ripoti huandikwa, hupigwa mhuri, huwekwa jaladani. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: maabara ya nyumbani imepata nini ambacho haikuwa nacho kabla ya safari?

Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ndilo kipimo cha haki cha ushirikiano wa kimataifa. Thamani ya ziara haimo katika idadi ya siku wala ya sahihi. Imo katika mambo matatu yanayobaki: kifaa, ujuzi wa kukitengeneza, na maneno ya kuueleza ujuzi huo kwa wengine.

Fizikia ya plazima na ya leza inafaa kuwa mfano kwa kuwa historia yake imehifadhi ziara ambazo matokeo yake yanajulikana bayana. Plazima ni gesi iliyopata nishati nyingi kiasi cha elektroni kubanduka kutoka kwenye atomu zake. Ndiyo hali ya maada katika jua na katika mmweko wa radi. Leza ni mwanga wa rangi moja ambao mawimbi yake huenda kwa hatua moja. Taaluma hizi mbili hukutana kwa lazima, maana hakuna kipimajoto kinachoweza kutumbukizwa katika plazima ya mamilioni ya nyuzi kikasalimika. Mwanga ndio unaoweza kuingia na kutoka na habari.

2.0 Moscow, 1969

Mwezi Agosti 1968, katika mkutano uliofanyika Novosibirsk, wanasayansi wa Kisovieti wakiongozwa na Lev Artsimovich walitangaza kwamba mtambo wao T-3, uliokuwa katika Taasisi ya Kurchatov mjini Moscow, ulikuwa umefikisha elektroni za plazima kwenye halijoto ya karibu nyuzi milioni 10. Wenzao wa Magharibi walitia shaka, na shaka hiyo haikuwa ya siasa tupu. Vipimo vya Wasovieti havikuwa vya moja kwa moja, na iliwezekana kwamba elektroni chache zenye kasi ya kupindukia zilikuwa zimewapotosha wapimaji. Isitoshe, Waingereza walikuwa na kovu lao wenyewe. Mwezi Januari 1958 walikuwa wametangaza kwa kishindo kwamba mtambo wao ZETA yamkini umeunganisha viini vya atomu kwa nguvu ya joto, na kabla ya nusu mwaka kupita wakalazimika kuifuta kauli hiyo.

Artsimovich hakuijibu shaka kwa hotuba. Alimwalika Bas Pease wa maabara ya Culham, Uingereza, awalete watu wake na leza yao wapime wenyewe. Mwezi huohuo majeshi ya Kisovieti yaliingia Chekoslovakia. Hata hivyo mwaliko haukufutwa. Mwaka 1969 kikundi kidogo cha Waingereza, wakiwamo Nicol Peacock na Derek Robinson, kilikwenda Moscow na shehena ya vifaa yenye uzito wa takriban tani 5.

Njia yao ilikuwa hii. Mwale wa leza ya yakuti hupitishwa ndani ya plazima. Elektroni huutawanya mwanga huo, na kwa kuwa zenyewe zinakwenda mbio, huibadilisha kidogo rangi ya mwanga uliotawanywa. Kadiri elektroni zilivyo na joto zaidi, ndivyo rangi zinavyotanuka. Kwa kuupima mtanuko huo, halijoto hujulikana pasi na kuigusa plazima. Matokeo yalitolewa katika jarida la Nature mwezi Novemba 1969, na miongoni mwa waandishi alikuwamo mwanasayansi wa Kisovieti. Artsimovich na wenzake walikuwa wamesema kweli. Mwaka uliofuata maabara ya Princeton, Marekani, ilikuwa imekwisha kuugeuza mtambo wake mkubwa uwe wa aina ya Kisovieti.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Moscow mwenyeji alipona kwa kuwa alimfungulia mlango mwenye shaka, si mwenye sifa. Lakini liko jambo jingine, na kwa Afrika Mashariki ndilo zito zaidi: mgeni hakwenda mikono mitupu. Alichukua kifaa na ujuzi ambao mwenyeji hakuwa nao, na kwa hiyo pande mbili zilikutana zikiwa sawa. Wasovieti walithibitishiwa mtambo wao. Waingereza walirudi kwao wakijua kwa hakika njia ipi ya kufuata.

3.0 Trieste na Kuala Lumpur

Yupo atakayesema kwamba mfano huo ni wa mataifa yenye nguvu, na kwamba asiye na leza hawezi kwenda nayo kokote. Pingamizi hilo lina uzito, na limewahi kujibiwa kwa vitendo mara mbili.

Jibu la kwanza ni la Abdus Salam. Mwaka 1954 aliondoka Lahore kwa kuwa upweke wa kitaaluma ulimlazimisha achague kati ya fizikia na nchi yake. Mwaka 1964 alianzisha mjini Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia ili wengine wasilazimike kuchagua hivyo. Chini ya mpango wake mmoja, mwanasayansi wa nchi changa hubaki na kazi yake nyumbani, akaenda Trieste kwa majuma machache, akarejea, akaenda tena miaka inayofuata. Ziara hapa si mlango wa kuhamia ng'ambo. Ni pumzi anayovuta mzamiaji ili arudi chini kufanya kazi.

Jibu la pili lilitoka Malaysia. Mnamo 1985 na 1986, Chuo Kikuu cha Malaya mjini Kuala Lumpur, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, kiliwapokea wanafizikia kutoka nchi za Asia na Afrika. Chini ya Sing Lee, wageni hao hawakupewa mtambo wautazame. Waliujenga. Ulikuwa mtambo mdogo wa plazima unaotumia kapasita moja ya mikrofaradi 30 iliyojazwa umeme hadi volti 15,000, yaani nishati ya takriban kilojouli 3.3. Nishati hiyo haitoshi hata kuchemsha kikombe cha chai. Lakini ikiachiliwa kwa sekunde chache za sehemu ya milioni, huibana gesi ikawa plazima ya mamilioni ya nyuzi, na gesi ikiwa ni deuteri, viini huungana na nyutroni hutoka. Mtambo huo ulienezwa katika maabara za nchi kadhaa za mabara hayo mawili, na mwaka 1988 kikaundwa chama cha Asia na Afrika cha mafunzo ya plazima.

Wapo wanaodai kwamba mitambo midogo huwafungia Waafrika katika sayansi ya watoto ilhali wakubwa wanajenga ITER huko Cadarache, Ufaransa. Ni kweli kwamba washirika saba waliotia sahihi mkataba wa ITER mwaka 2006 hawana miongoni mwao nchi hata moja ya Afrika. Lakini hata huko kiti hupewa aletaye kitu. Mwanzoni mwa 2023, vita vya Ukraine vikiwa vimepamba moto, koili kubwa ya sumaku iliyotengenezwa Urusi ilipokewa Cadarache kwa sababu mtambo uliihitaji. Asiyewahi kujenga kilojouli 3 hana la kuchangia penye megajouli.

4.0 Lugha kama Kifaa

Mtambo wa T-3 ulikuwa wa aina inayoitwa tokamaki. Jina hilo ni kifupisho cha maneno ya Kirusi yenye maana ya chumba cha umbo la pete chenye koili za sumaku. Waingereza na Wamarekani walipoupokea mtambo walilipokea na jina lake. Huo ni ushahidi kwamba istilahi husafiri pamoja na chombo, na kwamba anayetengeneza ndiye anayetaja.

Nchini Tanzania na Kenya, fizikia ya sekondari na ya chuo kikuu hufundishwa kwa Kiingereza. Hata hivyo pampu ya ombwe ikiharibika, fundi anayeitwa huelezwa kasoro yake kwa Kiswahili. Kwa hiyo ujuzi tayari unapita katika Kiswahili, ila unapita bila istilahi zilizokubaliwa, na hupotea fundi huyo anapostaafu. TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 ilijenga msingi. Msingi haukai wenyewe ukawa nyumba.

Neno plazima lenyewe ni kielelezo. Irving Langmuir alipoiita hali hiyo ya maada plasma mwaka 1928, alitumia neno ambalo matabibu walikuwa nalo tayari kwa majimaji ya damu. Kiswahili kina utegili kwa maana hiyo ya kitabibu, na wapo walioupeleka utegili katika fizikia pia. Hapo Kiswahili kimeazima utata wa Kiingereza ambao hakikulazimika kuuazima. Ni afadhali utegili ubaki katika damu, na plazima iwe ya fizikia, ili mwanafunzi anaposikia habari za jua asifikirie mishipa.

5.0 Hitimisho

Hoja zilizotolewa zinadai masharti manne katika kila mkataba wa ziara. Kwanza, itajwe ni kifaa gani kitajengwa na kurejeshwa, hata kiwe kidogo. Pili, fundi wa maabara asafiri pamoja na mhadhiri, kwa kuwa yeye ndiye atakayekiweka kifaa hai. Tatu, mwenyeji wa ng'ambo naye aje apime hapa; mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la mwanafizikia ni benchi la maabara. Nne, ripoti iandikwe pia kwa Kiswahili, ikiambatanishwa na orodha ya istilahi, na nakala ipelekwe kwa idara ya Kiswahili ijadiliwe.

Sharti hili la mwisho halina gharama ya kutisha, wala halihitaji mfadhili. Linahitaji kamati ya chuo iwe tayari kuirudisha ripoti isiyolitimiza.