Malori makuukuu: Kushusha injini au kununua jingine?

INJINI ya lori lililokwisha kutembea kilomita milioni moja haifi kwa siku moja. Huanza kwa kula oili, ukafuata moshi wa samawati asubuhi, kisha nguvu ikapungua mlimani, na mwishowe dereva humpigia simu tajiri wake kutoka Mafinga au Makambako kumweleza kwamba gari limegoma na mzigo uko juu. Simu hiyo ndiyo huanzisha mjadala unaosikika kila siku katika gereji za Dar es Salaam, Morogoro na Mbeya: injini ishushwe na kufanyiwa matengenezo makubwa, au lori liuzwe na kununuliwa jingine?

Kwa juu juu hilo ni suala la mtu na mali yake. Lakini barabara kuu itokayo Dar es Salaam hadi Tunduma, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 900, ndiyo inayopitisha sehemu kubwa ya mizigo ya Zambia na ya majimbo ya kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Pamoja na kampuni zenye magari kwa mamia, wamo humo wamiliki wadogo wenye lori moja, mawili au matatu, mengi yao yakiwa yamenunuliwa baada ya kutumika Ulaya kwa miaka kadhaa. Uamuzi anaoufanya mmoja wao akiwa amesimama kando ya kopo la oili chafu ndio unaoamua ni chombo cha namna gani kitakachoshuka mlima Kitonga nyuma ya basi lenye abiria 60.

Uzito wa jambo hilo umekwisha kuonekana. Februari 24, 2024, watu 25 walipoteza maisha eneo la Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji la Arusha, baada ya lori kuyagonga magari mengine, na taarifa za awali za polisi zikataja hitilafu ya breki. Miezi minane kabla ya hapo, Juni 30, 2023, lori liliwaparamia watu na magari katika njia panda ya Londiani nchini Kenya, na zaidi ya watu 50 wakafariki dunia. Ajali hizo hazithibitishi kwamba umri wa gari peke yake ndio unaoua, kwani lori jipya likizidishiwa mzigo au likiendeshwa na dereva aliyechoka nalo huua. Zinachokumbusha ni kwamba gharama ya breki mbovu hailipwi na mwenye gari peke yake.

Hesabu ya fedha ndiyo hutangulia kufikiriwa, na ndiyo inayofaa kuanza nayo. Chukuliwe mfano wa lori kuukuu linalokunywa lita 45 za dizeli kwa kila kilomita 100, na jingine la umri mdogo zaidi linalotumia lita 38 kwa mzigo uleule. Kwenda Tunduma na kurudi ni kilomita 1,850 hivi, kwa hiyo tofauti ni takriban lita 130 kwa safari. Lita moja ikiwa shilingi 2,800, mwenye lori kuukuu anapoteza kama shilingi 360,000 kila safari. Kwa safari tatu za mwezi, hasara inakaribia shilingi milioni 1.1.

Fedha hiyo si ndogo. Lakini anayetaka kubadilisha lori kwa mkopo wa shilingi milioni 100, kwa riba ya asilimia 18 na muda wa miaka mitatu, atatakiwa kurejesha takriban shilingi milioni 3.6 kila mwezi. Akiba ya mafuta haifikii hata theluthi moja ya marejesho hayo. Ikiwa kushusha injini na kuifufua kutamgharimu shilingi milioni 15, hizo ni sawa na marejesho ya miezi minne tu. Ndiyo maana wamiliki wengi, wakiishia hapo, huona jibu liko wazi: kalamu inasema tengeneza.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo imeacha nje siku ambazo lori limelala. Gari lililoegeshwa Ruaha Mbuyuni likisubiri giaboksi kutoka Dar es Salaam halizalishi kitu, ilhali dereva na utingo wanaendelea kula, mlinzi anadai chake, na mwenye mzigo anaanza kutafuta msafirishaji mwingine. Mfano uleule ukiendelezwa, na kila safari ikawa inamwachia mmiliki shilingi milioni 1.5, lori kuukuu linalokosa safari moja tu kati ya tatu linakuwa nyuma ya lile la umri mdogo kwa shilingi milioni 2.6 kwa mwezi. Yakiongezwa matengenezo ya milioni moja kwa mwezi, ambayo si ya kushangaza kwa gari la namna hiyo, tofauti inafikia milioni 3.6, yaani marejesho yaleyale ya benki yaliyomtisha mwanzoni.

Kwa maneno mengine, mpaka kati ya kutengeneza na kubadilisha hauko kwenye bei ya injini. Uko kwenye idadi ya safari zilizokosekana. Na hicho ndicho kipimo ambacho wamiliki wadogo hawakiandiki popote. Risiti za spea hutunzwa kwenye bahasha. Siku za kulala porini hazina risiti.

Ni haki pia kueleza kwa nini malori ya zamani yamependwa kiasi hiki. Scania 113, lililotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, lina pampu ya dizeli isiyotegemea kompyuta. Fundi aliyelizoea huisikiliza injini yake kwa sikio, akaifungua kando ya barabara, akabadilisha ringi, beringi na gasketi, na gari likaondoka. Spea zake hupatikana, mpya na za mtumba, na vijana wengi wa gereji walijifunzia ufundi kwenye magari ya aina hiyo. Kumwita mwenye gari la namna hiyo mjinga, kama wanavyofanya baadhi ya wauzaji wa magari mapya, ni kutoelewa mazingira yake.

Malori ya Ulaya yaliyofuata, hasa yale yaliyotengenezwa kukidhi viwango vya moshi vya Euro 4 mwaka 2005 na Euro 5 mwaka 2008, ni habari nyingine. Hayo yana vihisio, nyaya na kompyuta, na mengi huhitaji kimiminika cha urea kwa ajili ya kusafisha moshi. Ni kweli kwamba nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza mwaka 2015 kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kwa hiyo kisingizio cha mafuta mabaya kimepungua. Lakini gari likizima Igurusi kwa sababu ya kihisio kimoja, nyundo na spana havisaidii. Anasubiriwa mtu mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Anayebadilisha lori anabadilisha pia fundi, na gharama hiyo nadra kutajwa siku ya kununua.

Malori mapya kutoka China nayo yamempa mnunuzi njia ya tatu, kwani yana bei ambayo lori jipya la Ulaya haliwezi kuikaribia. Bado mnunuzi makini atauliza litauzwaje baada ya miaka mitano.

Kuna kosa jingine, kubwa kuliko la hesabu. Katika gereji nyingi ukaguzi wa lori chakavu huanza na kuishia kwenye injini. Huo ni mpangilio wa kichwa chini miguu juu, kwa sababu injini ndiyo sehemu inayoweza kufanywa upya kuliko zote. Pistoni, ringi, silinda hedi, hata injini nzima ya mtumba, vyote vina duka lake. Chasisi haina. Chasisi iliyopasuka na kuchomelewa mara mbili au tatu haijapona, na nyufa mpya mara nyingi huanzia pembeni mwa kidonda cha zamani, pale ambapo moto wa kuchomelea umeidhoofisha chuma.

Malori mengi ya umri mkubwa yana historia ya kubebeshwa kupita uwezo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa Tanzania Bara Machi 1, 2019, imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake. Mizani ya Vigwaza, Mikese na Makambako ipo kwa kazi hiyo, ingawa ilijengwa ili kulinda lami. Chasisi iliyopinda miaka kumi na mitano iliyopita kwa sababu ya mzigo wa siku moja haisomeki kwenye mizani.

Halafu kuna breki. Lori lililofufuliwa injini linapata nguvu mpya za kupanda mlima, lakini linashuka kwa breki zilezile. Kwa malori ya zamani breki hizo ni za ngoma na upepo: zikikanyagwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto, ngoma hutanuka na kwenda mbali na kitambaa chake, msuguano hupungua, na dereva hukanyaga zaidi bila kupata kitu. Dawa yake ni gia ndogo na breki ya injini. Lakini breki ya injini ikiwa imekufa siku nyingi, au dereva akiwa ameachia gia ili kuokoa dizeli aliyobanwa kuitunza, kinachobaki ni ngoma peke yake. Tajiri aliyetumia milioni 15 kwenye injini na akakataa milioni mbili za breki amenunua mwendo bila kununua kusimama.

Hata kilomita zenyewe, ambazo wengi huzitumia kama kipimo cha uzee, zinahitaji kutazamwa kwa shaka. Saa ya kilomita hurudishwa nyuma, hasa gari linapopita mikononi mwa madalali. Kilomita laki nane za barabara tambarare za Uholanzi si sawa na laki tatu za kati ya Tunduma na Kolwezi. Kikanyagio cha klachi kilicholika kama kijiko cha zamani, au matundu ya boliti za chasisi yaliyotanuka, husema zaidi kuliko saa.

Sera nazo zimechangia kumwelekeza mmiliki upande mmoja. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane. Tanzania haikuchagua ukomo wa namna hiyo. Iliegemea kwenye kodi. Juu ya hayo, benki hudai dhamana ambayo mwenye lori moja mara nyingi hana isipokuwa nyumba anayoishi, na hudai bima kubwa kwa gari linalokopewa, wakati kampuni za bima husita kuyakatia bima ya aina hiyo magari ya umri mkubwa. Sheria ya ukodishaji wa mitambo ya mwaka 2008 ilikusudia kufungua mlango mwingine, ambapo chombo chenyewe ndicho huwa dhamana, lakini anayeufaidi zaidi ni mwenye vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa. Mwenye bahasha ya risiti hubaki gereji.

Anayekopa sasa anapaswa pia kuitazama reli. Treni za mizigo za reli ya kisasa zilianza kazi mwaka 2025 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na mwaka huohuo ulitiwa saini mkataba wa dola za Marekani bilioni 1.4 na kampuni ya China wa kuikarabati TAZARA. Malori hayatatoweka, kwa kuwa shaba haichimbwi stesheni. Lakini kujifunga kwa marejesho ya miaka mitatu, katika njia ambayo huenda bei ya kusafirisha tani moja ikashuka, kunahitaji hesabu isiyotegemea nauli za mwaka jana.

Yapo malori yanayostahili kutengenezwa: yenye chasisi nzima, ekseli zilizonyooka, breki zinazorekebishika, na mmiliki anayejua limelala siku ngapi mwaka uliopita. Yaliyobaki huuzwa, na hapo ndipo mkazi wa jiji anapoingia katika mjadala huu bila kualikwa. Lori lililoshindwa njia ya Tunduma halipelekwi kwenye vyuma chakavu. Hukatwa, likafungwa bodi la kubebea mchanga na kokoto, likaanza maisha mapya kwenye maeneo ya ujenzi ya Goba, Madale na Mbezi, kwa safari fupi ambazo hazipiti kwenye mzani wowote, likishuka vilima vya Kimara saa ambazo wanafunzi wanavuka barabara.