Habari za karo ziwafikie wanajeshi wastaafu vijijini

SHERIA ya Maveterani wa Kijeshi ya 2022 iliipa Kenya msingi wa kushughulikia masilahi ya wanajeshi wastaafu na wategemezi wao. Hata hivyo, sheria iliyochapishwa Nairobi si habari iliyofika Kibabii, na kwa mjane anayetafuta karo tofauti hiyo yaweza kuamua iwapo mtoto atasoma.

Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011. Shambulizi la El Adde la Januari 15, 2016 liliacha wajane na mayatima. Mtoto aliyekuwa na miaka minane siku hiyo alikuwa na miaka 18 kufikia Januari 15, 2026, umri wa kubisha hodi chuoni. Maombi ya ufadhili yana siku ya mwisho, nayo haimngojei ambaye hakuambiwa.

Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichotunukiwa hati mwaka wa 2015, ki karibu na mji wa Bungoma. Lakini ukaribu wa lango haupunguzi urasimu. Mfumo wa ufadhili uliozinduliwa 2023 ulimtaka mwanafunzi aombe kupitia mtandao na kueleza hali ya familia yake. Mzazi mwenye simu ya kawaida hulazimika kumtegemea kijana wa saiba, ambaye amegeuka afisa wa serikali asiyelipwa na serikali, na ambaye husomewa siri za nyumba ya watu.

Tatizo hili si geni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliwafundisha baadhi ya askari waliorejea katika Jeanes School, Kabete. Waliofaidika ni wale ambao habari iliwafikia.

Huko Marekani, ambako sheria ya kuwasomesha wanajeshi ilipitishwa 1944, wengi wa wanufaika wameweza tangu 2021 kuthibitisha masomo yao kila mwezi kwa kujibu ujumbe mfupi wa simu. Kenya, iliyoanzisha M-Pesa 2007, haiwezi kudai kwamba chombo inakikosa. Kinachotakiwa ni sajili iliyo hai: nambari ya mjane au mlezi, wala si ya marehemu pekee, pamoja na umri wa kila mtoto, ili ujumbe utangulie maombi badala ya kuyafuata.

Wala simu pekee haitoshi. Mstaafu aliyewahi kulaghaiwa hufuta kila ujumbe unaotaja fedha, na ana haki. Kwa hivyo nambari rasmi iwe moja, itangazwe kwanza na chifu barazani na kwenye redio zinazosikika mashinani kama Sulwe FM, kwa Kibukusu na Kiswahili. Wakati mwafaka ni kabla ya matokeo ya KCSE kutolewa, familia zikiwa bado na muda wa kutafuta cheti cha kifo na barua ya kikosi.