Kivu Kaskazini: Lami mpya, mwendo mpya. Starehe ya pikipiki ya vijana wa Beni na Butembo inalipwa na nani?

Katika miji ya Beni na Butembo, pikipiki ilijulikana kwanza kama chombo cha kazi. Inabeba abiria, mifuko ya unga, mabati, wagonjwa, hata jeneza. Lakini siku ya Jumapili mchana, baada ya ibada, pikipiki hizo hizo zinatoka mjini bila mzigo. Vijana wawili wawili, au kundi la watu kumi, wanaelekea kwenye barabara kwa ajili ya kutembea tu: kupunga hewa, kupiga picha, kula nyama choma mbali na nyumbani na kurudi kabla ya giza.

Starehe hiyo si kitu kipya, ila barabara imebadilika. Tarehe 16 Juni 2021, marais Félix Tshisekedi wa DRC na Yoweri Museveni wa Uganda walizindua mpakani, kati ya Kasindi na Mpondwe, kazi za kutengeneza barabara zenye urefu wa kilomita 223: Kasindi–Beni kilomita 80, Beni–Butembo kilomita 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma kilomita 89. Kipande cha Bunagana kilikwama pale waasi wa M23 walipouteka mji huo tarehe 13 Juni 2022. Upande wa Beni, kazi ziliendelea, na pale lami ilipofika, vumbi liliondoka na mwendo ukaongezeka.

Swali linalobaki ni hili: mwendo umeongezeka, je, ulinzi wa anayeendesha umeongezeka pia?

Njia zimepungua, hamu imebaki

Ili kuelewa ni kwa nini vijana wengi wanajazana kwenye vipande vichache vya barabara, inafaa kuangalia ramani ya vita. Zamani, safari kubwa kwa mpenda pikipiki wa Butembo ilikuwa kushuka kusini kwa barabara ya taifa nambari 2: kuvuka mstari wa ikweta kabla ya kufika Lubero, kupanda hadi Kanyabayonga, kushuka kwenye bonde la mbuga ya Virunga, kisha kuingia Goma. Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, na Goma mwishoni mwa Januari 2025. Safari hiyo ya matembezi haipo tena.

Upande wa mashariki, barabara ya taifa nambari 4 kati ya Beni na Kasindi ina lami na ina uzuri wake. Inateremka kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto la bonde la Semuliki, inapita ndani ya mbuga, na siku ambapo mawingu yamefunguka, mlima Ruwenzori unaonekana na theluji yake, kwenye urefu wa mita 5,109. Lakini ndiyo barabara ambapo waasi wa ADF wameua wasafiri na kuchoma magari mara nyingi. Operesheni ya pamoja ya majeshi ya Congo na Uganda, iliyoanza tarehe 30 Novemba 2021, haijaondoa hofu hiyo.

Matokeo yake yanaonekana kwenye mwendo. Mtu anayejua kwamba jioni barabara si yake, anarudi mbio. Saa kumi jioni, kurudi mjini kunageuka mashindano: anayekimbia kwa starehe na anayekimbia kwa woga wanapishana kwenye kona moja.

Raha yenyewe ni nini?

Viongozi wengi wanaongea kuhusu pikipiki kama tatizo tu. Hapo wanakosa kusikilizwa. Kijana ambaye amekua chini ya hali ya dharura, iliyotangazwa Kivu Kaskazini na Ituri tangu Mei 2021, ambaye amezoea vizuizi, karatasi na amri za kutotembea usiku, anapata juu ya pikipiki kitu ambacho hakipati mahali pengine: anaamua mwenyewe aende wapi na asimame wapi. Hewa inampiga kifuani, injini inaitika mkono wake, na kwa saa mbili hakuna anayemwamuru.

Kuna pia raha ya umoja. Anapooa mwenzao, waendesha pikipiki wanasindikiza gari la maharusi huku honi zikilia. Timu ya Léopards inaposhinda, mji mzima unapanda pikipiki. Anapokufa mwenzao, wanalisindikiza jeneza kwa kelele na matawi ya miti, wengine wakisimama juu ya kiti. Ni heshima kwa marehemu, lakini ni pia saa ambayo ajali nyingine inaweza kuzaliwa. Msafara wa matanga ukileta matanga mapya, heshima hiyo imemgeukia nani?

Matatizo madogo ni sehemu ya utamu. Gurudumu linatoboka katikati ya pori, na fundi yuko kilomita nane mbele. Mafuta yaliyonunuliwa kwenye chupa kwa wale wanaoitwa kadhafi yamechanganywa, na injini inakohoa kwenye mlima. Mvua inanyesha ghafla, na wote wanajibana chini ya mabati ya duka moja. Hayo yanasimuliwa wiki nzima na kuchekwa. Tabu ni kwamba kati ya hadithi ya kuchekesha na kilio kuna sekunde moja tu.

Sekunde moja ina mita ngapi?

Kwenye udongo wenye mashimo, pikipiki nyingi hazipiti kilomita 40 kwa saa. Kwa mwendo huo, katika sekunde moja ambayo macho yanaona mbuzi na mkono unatafuta breki, pikipiki inakuwa imeshasonga mita 11. Kwenye lami, kijana yule yule na pikipiki ile ile anafika 80. Sekunde ile ile sasa ina mita 22, kabla hata breki haijaanza kushika. Na nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne.

Pikipiki nyingi za huku ni za Kichina au za Kihindi, zenye injini ndogo, zilizonunuliwa kwa ajili ya kubeba. Gurudumu limechakaa, breki ya mbele imelegea au haitumiwi kabisa, kwa sababu wengi walijifunza kwenye matope ambako kushika breki ya mbele ni kuanguka. Kwenye lami kavu mambo ni kinyume: breki ya mbele ndiyo inayosimamisha kwa nguvu zaidi, kwani uzito mwingi unaegemea mbele. Mazoea ya udongo yanaua kwenye lami.

Kuna pia mitego ya mahali: lori lililoharibika na kuachwa barabarani, likiwa na matawi machache tu nyuma kama alama, mchanga uliomwagika kwenye kona, watoto wanaocheza pembeni kwa sababu lami ndiyo uwanja pekee ulio sawa. Kwa wale wanaovuka Kasindi kwenda Uganda kutembea, kuna mtego mwingine: Congo watu wanapita kuume, Uganda wanapita kushoto. Kosa halitokei sana mpakani, kwa sababu hapo kila mtu yuko macho. Linatokea baada ya kusimama kunywa soda, pale mtu anapoondoka huku akili imerudi nyumbani.

Kofia inayovaliwa kwa ajili ya polisi

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kofia nzuri ya pikipiki ikivaliwa vizuri inapunguza hatari ya kufa katika ajali zaidi ya mara sita, na hatari ya kuumia ubongo hadi asilimia 74. Shirika hilo linakumbusha pia kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani.

Lakini kofia gani? Nyingi zinazoonekana mijini zimevaliwa bila kufungwa kidevuni, au zimetundikwa kwenye usukani zikisubiri kizuizi cha polisi. Nyingine ni plastiki tupu. Kinachookoa kichwa ni ile povu ngumu ya ndani, ambayo inapondeka ili ubongo usipondeke. Ndiyo maana kofia iliyokwisha kugonga chini mara moja haifai tena, hata kama nje inang'aa. Zile zinazofuata kanuni nambari 22 ya Umoja wa Mataifa zina alama ya herufi E na namba ndani ya duara. Mjumbe maalum wa Umoja wa Mataifa kuhusu usalama barabarani, Jean Todt, amekuwa akidai kofia za namna hiyo zipatikane kwa bei ambayo maskini anaweza. Nchini Rwanda, abiria wa pikipiki naye anavaa kofia, na watu wa Goma wanaovuka kwenda Gisenyi wanalijua hilo. Wakirudi upande wa pili, wengi wanapanda kichwa wazi.

Anayelipa ni jamaa

Bima ya kulipia madhara kwa watu wengine ni lazima kisheria, na tangu sheria ya Machi 2015 soko la bima lilifunguliwa kwa makampuni mengi. Hata hivyo, waendesha pikipiki wengi wanatembea bila bima. Kwa hiyo mguu unapovunjika, hesabu inaanza nyumbani: kukopa, kuuza mbuzi, kuuza kipande cha shamba. Mgonjwa aliyepona anaweza kubaki hospitalini kwa sababu deni halijaisha. Wengine wanakimbilia kwa waunga mifupa wa kienyeji, na mguu unabaki umepinda maisha yote.

Na pikipiki yenyewe mara nyingi si ya anayeiendesha. Ni ya tajiri anayesubiri malipo ya kila wiki, au imenunuliwa kwa mkopo. Starehe ya Jumapili ikiishia mtaroni, Jumatatu hakuna chakula, hakuna malipo ya shule, na deni liko palepale.

Kukataza peke yake hakutoshi. Amri za kuzuia pikipiki zimetolewa mara nyingi katika miji ya jimbo hili, na zimefanya hasa kazi ya kuongeza faini za barabarani. Yapo mambo ambayo hayahitaji kungoja Kinshasa. Mashirika ya waendesha pikipiki yanaweza kukataza mtu kusimama juu ya kiti katika msafara wa matanga, kwa sababu yenyewe ndiyo yanayouongoza. Mwenye pikipiki anaweza kuikabidhi ikiwa na breki mbili zinazoshika na kofia mbili. Mameya wanaweza kudai matuta na alama karibu na masomo na masoko pale lami inapofika, kabla ya mtoto wa kwanza kugongwa.

Barabara hiyo iliombwa na wakaaji kwa miaka mingi. Kijana ana haki ya kuifurahia siku ya Jumapili. Jamaa yake nayo ina haki ya kumwona jioni.