WINCHI YA KUCHOMOA SI YA KUFUNGIWA STOO

Ndugu wafanya kazi,

Mtu wa Ndhiwa hafundishwi tope. Udongo wetu mweusi wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na mvua ikinyesha hugeuka gundi. Lami ipo katika njia kubwa, lakini miwa haioti juu ya lami, wala visima na nguzo za umeme havikuwekwa vyote kando yake. Kwa hiyo gari la kazi hapana budi liache barabara nzuri, na likiiacha hukwama.

Katika mvua za masika zilizopita nilikuwa nyumbani likizoni. Mdogo wangu ni dereva wa kampuni moja, na jina la kampuni hiyo sitalitaja. Gari lake lavutwa na magurudumu yote manne, tena mbele lina mdomo wa chuma wa kutilia winchi. Siku ile lilizama mpaka ekseli, si mbali na Mto Kuja. Je, winchi ilikuwako? Ilikuwako, lakini stooni, nyuma ya kufuli, maana mkubwa wa stoo alisema ni mali ya bei kubwa na madereva wataiharibu. Tukasukuma saa tatu. Kisha likaja trekta, tukafunga mnyororo wa kuazima. Mnyororo ukakatika, kipande kikarudi kama risasi kikampiga mdogo wangu mguuni, mfupa ukavunjika. Kingalikuja juu kidogo, tungalizika mtu. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Kwa ndugu wasioijua, winchi ya kawaida hufungwa mbele ya gari kwa bolti, nayo haitoki. Ya kuchomoa hukaa juu ya kitako cha chuma chenye mkia wa mraba wa inchi 2. Mkia huingia katika mdomo ulioshikwa na chesisi, pini nene ikapita katikati, basi imeshika. Ukiweka mdomo mmoja mbele na mwingine nyuma, winchi ile ile yaweza kuvuta gari kwenda mbele au kulirudisha lilikotoka. Tena winchi moja yaweza kutumiwa na magari matatu kwa zamu. Kwa tajiri ni nafuu ya fedha. Kwetu ni nafuu ya mgongo. Kasoro yake ni uzito, kilo 40 na zaidi, kwa hiyo kuibeba ni kazi ya watu wawili.

Lakini sharti ifungwe kwa akili. Mdomo ushikwe na chesisi kwa bolti ngumu; usichomelewe kwenye bampa, maana bampa itang'oka na gari litabaki topeni. Nguvu ya winchi iwe mara moja na nusu ya uzito wa gari pamoja na mzigo wake: gari la tani 2.8 lataka winchi ya tani 4.2. Umeme wake, ikivuta kwa nguvu zote, waweza kupita ampea 400. Basi waya za kutoka betri ziwe nene, pawe na swichi ya kukata, na injini iwe inanguruma wakati wa kuvuta. Waya mwembamba utaunguza gari. Tena usivute kwa upande sana, maana mkia ule wa mraba umefanywa kuvutwa kwa kunyoka.

Sasa habari ya kamba. Reli haifiki Ndhiwa, lakini sisi wa reli twaijua kamba ya waya tangu mwanzo. Mwaka 1900 na 1901, kabla njia ya kudumu ya mteremko wa Kikuyu haijakamilika, mabehewa yalishushwa Bonde la Ufa kwa kamba za waya. Kamba ni mtumishi mwema, lakini ikikazwa huweka nguvu ndani yake, na ikikatika huitoa yote mara moja. Kwa hiyo mizunguko mitano ibaki kwenye dramu. Blanketi zito liwekwe juu ya kamba, ili ikikatika isiruke. Wenye kuishika wavae glavu za ngozi. Asiwepo mtu wa kuivuka kamba iliyokazwa, wala wa kusimama karibu kuliko urefu wake. Mti ufungwe kwa mkanda mpana, si kwa kamba yenyewe. Gari likikataa, pitisha kamba kwenye kapi na kuirudisha garini. Nguvu itakuwa karibu mara mbili na mwendo utapungua nusu. Katika shamba la miwa, pasipo mti, gurudumu la akiba lizikwe chini sana, nalo litashika.

Wako wenzetu wasemao, "Tuikatae winchi ya kuchomoa, tudai ya kufungwa daima, maana hiyo haiwezi kubaki stoo." Neno lao lina maana, wala siwacheki. Lakini ya kufungwa daima hukaa mvuani na topeni mwaka mzima ikila kutu, hulemeza ekseli ya mbele kila siku, na ikiwa mbele hailirudishi gari nyuma. Ya kuchomoa husafishwa ikirudi, na kamba yake hutazamwa. Kosa haliko katika pini, liko katika kufuli. Basi tuikatae kufuli, tusiikatae winchi.

Yafaa kila tawi lidai mambo haya:

1. Wakati wa mvua, gari lisitoke kwenda njia ya udongo bila winchi, na dereva ndiye atie sahihi ya kuipokea.

2. Winchi itolewe pamoja na kapi, mkanda, blanketi na glavu. Winchi peke yake ni nusu ya chombo.

3. Dereva na msaidizi wake wafundishwe, na saa za kufundishwa zihesabiwe kuwa saa za kazi.

4. Kamba iliyokatika nyuzi au kupinda itupwe, isiungwe.

Hatuombi hisani. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kutoa vyombo salama na mafunzo kwa watu wake. Mwenye kuogopa kwamba dereva ataiharibu winchi, na amfundishe. Genge la reli haliendi kwenye ajali na jeki zikabaki ghalani kwa kuogopa zitachakaa.

Mdogo wangu bado anachechemea. Ile winchi, nasikia, ingali stooni, mpya kama siku iliyonunuliwa, haina hata mkwaruzo.

Ndugu yenu katika chama,
Mfanya Kazi wa Reli, mtu wa Ndhiwa