Vanishi Si Vazi la Sikukuu

Neno ninalogombana nalo hapa ni fupi: "kasoro ndogo". Mtu amejinyima miaka, amepata leseni yake kwa njia ya halali, amenunua bunduki mpya ya kuwindia yenye kitako cha mjozi, mti unaopendwa na mafundi wa bunduki wa Ulaya. Anaifungua nyumbani na kukuta vanishi ya kitako ina dosari. Hapa imechuruzika na kuganda kama machozi, pale imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa, na kwingine haipo kabisa. Akirudi dukani anajibiwa: "Ah, mzee wangu, hiyo ni kasoro ndogo. Bunduki hailengi kwa vanishi." Nimejibiwa hivyo mimi mwenyewe, katika duka ambalo sitalitaja, nikaongezewa na methali juu yake: mchagua jembe si mkulima.

Nalipinga jibu hilo, na nianze na methali yenyewe. Inamkanya mvivu anayetafuta kisingizio cha kutokwenda shamba. Haikupata kumkanya mnunuzi anayekagua mali aliyoilipia. Mkulima wa kweli hutazama mpini kama una ufa kabla hajatoa fedha, maana anajua utakapovunjika ni mkono wa nani utakaoumia.

Sasa tuulize, vanishi ina kazi gani? Wengi wetu tumezoea kuiona kama vazi la sikukuu: kitu cha kung'arisha. Lakini mti, hata ukishakatwa na kukaushwa, hauachi tabia yake. Wakati wa masika hunywa unyevu wa hewa ukapanuka. Wakati wa kiangazi huutoa ukasinyaa. Kwa urefu haubadiliki ila kidogo mno. Kwa upana hubadilika, na tena hubadilika kama mara 2 zaidi kwa upande unaofuata miduara ya ukuaji kuliko kwa upande unaotoka kwenye kiini kwenda gome. Kwa kuwa haupanuki sawasawa pande zote, hujipinda. Kila aliyekaa pwani anaujua mlango unaofungwa vizuri mwezi wa Januari na kugoma mwezi wa Aprili.

Mlango ukigoma utausukuma kwa bega. Bunduki je? Chuma chake kimelazwa ndani ya kitako na kubanwa kwa skrubu. Sehemu ya mbele ya kitako ikijipinda, itaugusa mtutu na kuusukuma upande, na risasi iliyokuwa ikienda penye alama mwezi uliopita haitakwenda hapo tena. Mwenye bunduki atailaumu darubini, ataulaumu mkono wake, atazilaumu risasi. Kwa anayelenga shabaha ya karatasi hiyo ni hasara ya alama chache. Kwa askari wa wanyamapori aliyetumwa kumfuata nyati aliyejeruhiwa kwenye kichaka, ni jambo la uhai. Huyo ndiye anayeambiwa kwamba bunduki hailengi kwa vanishi.

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu walipigana vita kwa bunduki zisizokuwa na vanishi yoyote. Ni kweli, na mfano huo unanisaidia mimi. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walipigana Burma, katika bonde la Kabaw, katikati ya mvua za monsuni. Bunduki za Lee-Enfield walizobeba zilikuwa na vitako vya mti vilivyopakwa mafuta ya kitani. Mafuta hayo hayazuii unyevu vizuri kama vanishi. Sifa yake ni nyingine: askari mwenyewe aliweza kuyapaka upya kwa kitambaa, na alitakiwa kufanya hivyo. Kinga ile ilikuwa hafifu lakini ilitunzwa. Vanishi ya kiwandani ni kinga yenye nguvu, ila ni kwa sharti moja: iwe imefunika mti wote. Ikiacha pengo, maji huingia hapo, na mng'aro wa pembeni hausaidii kitu.

Ndiyo maana nasema kasoro ziko za aina mbili, na hila ya muuzaji ni kuziita zote kwa jina moja. Iko kasoro ya sura, na iko kasoro ya kinga. Chozi la vanishi ni kasoro ya sura. Linaudhi jicho, halimdhuru mtu. Mahali palipobaki mti mtupu ni kasoro ya kinga. Na sisi wanunuzi tuna sehemu yetu katika lawama: tunapiga kelele juu ya chozi lililo wazi, wala hatufungui kutazama chini ya mpira wa begani. Pale ndipo mti ulipokatwa kwa kupingana na nyuzi zake, na ncha hizo hunywa maji upesi kuliko ubavu. Pale, na ndani ya mfereji unaolala mtutu, ndipo kiwanda kinachofanya haraka huacha mti bila kitu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ninao ugomvi pia na mwenye mali anayekimbilia msasa. Jina hilo tumelipata kwa mti wenye majani makwaru ambayo maseremala wa zamani waliyatumia kusugulia mbao, na walisugua kwa subira. Huyu wa leo anachukua karatasi nene na kukivua kitako chote kwa sababu ya chozi moja. Akimaliza, mti umeshuka chini ya chuma, kingo zimekuwa duara, na michoro ya kushikia mkono imefutika. Zaidi ya hayo, ameipoteza haki yake: baada ya msasa kupita, nani ataamini kwamba dosari ilitoka kiwandani?

Utaratibu wa haki ni huu. Kwanza toa risasi, na uihakikishe chemba kwa jicho na kwa kidole. Fungua mpira wa begani na skrubu, utazame ndani. Piga picha. Kasoro ya kinga irudishe dukani kabla hujaigusa. Wakikataa kabisa, ndipo uitibu: safisha, acha ikauke, kisha paka vanishi iliyozimuliwa mikono 2 au 3 myembamba, ndani ya mfereji usiijaze ikaja kuugusa mtutu. Chozi lisugue lenyewe tu, kwa msasa wa namba 400 uliozungushiwa kibao kilichonyooka, ukiulowesha kidogo, kisha namba 600. Na kama kitako chako ni cha mafuta ya kitani, matambara uliyopakia usiyarundike pamoja, maana hupata joto yenyewe hadi yakawaka. Yatandaze nje yakauke.

Lakini kujua kutibu hakumwondolei muuzaji deni lake. Bei aliyopokea ilikuwa ya bunduki iliyokamilika. Hakutupunguzia hata shilingi kwa kazi aliyotuachia. Ninachodai ni kitu chepesi sana: muuzaji afungue skrubu 2 za mpira wa begani mbele ya mnunuzi kabla fedha hazijahesabiwa. Kazi hiyo ni ya dakika 5. Duka linaloikataa limekwisha kutuambia lililomo ndani, na mnunuzi anayeona haya kuiomba ajue kwamba haya hiyo ataibeba begani mpaka porini.