Porsche au Peugeot: tuhifadhi gari gani?

Kwa matajiri wanaokusanya magari ya zamani huko Ulaya, Porsche 911 ni kama dhahabu. Ukiwatajia Peugeot 504 Coupé, wengine wanafikiria tu ile 504 ya taksi. Mimi nasema kwamba kwetu sisi wa bonde la Ruzizi na Afrika ya Mashariki yote, gari la kuhifadhi ni hiyo Peugeot.

Tuangalie mwaka 1978. Magari haya mawili yalikutana Kenya, kwenye mashindano ya Safari Rally. Porsche ilileta 911 SC, injini ya lita 3 iliyo nyuma na inayopozwa kwa hewa. Peugeot ilileta 504 Coupé V6, injini mbele, milango miwili, umbo lililochorwa na Pininfarina wa Italia. Mfaransa Jean-Pierre Nicolas akashinda na Peugeot. Mkenya Vic Preston Junior akafika wa pili na Porsche, na Mswidi Björn Waldegård wa nne na Porsche nyingine.

Haikuwa bahati. Peugeot ilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968 kwa 404, halafu 1975 na 1978 kwa 504. Porsche haikushinda hata mara moja. Ilingoja mashindano ya magari ya zamani, ndipo Waldegård akashinda na 911 mwaka 2011.

Tuseme ukweli wote. Porsche ina sifa zake. Tangu miaka ya 1970 bodi yake inakingwa vizuri na kutu, kiwanda kinaendelea kutoa vipuri vya magari yake ya zamani, na bei yake imepanda sana. Bodi ya 504 Coupé inaliwa na kutu, na kupata mlango au kioo chake ni shida. Anayetafuta faida tu, anunue Porsche.

Lakini gari lisilo na fundi ni sanamu. Nani hapa kwetu, kutoka Uvira mpaka Kamanyola, atafungua injini ya 911? Peugeot ni jambo lingine. Chini ya lile umbo zuri kuna mambo mengi ya 504 ya kawaida, gari ambalo lilitengenezwa zaidi ya milioni 3. Mafundi wetu wazee walijifunzia kazi kwenye 404 na 504, kwenye vumbi na matope kama haya ya barabara yetu ya kitaifa namba 5.

Ndiyo maana inauma kuona Peugeot za zamani zinakatwa na kuuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Dola chache zinaisha kwa wiki moja. Gari likishakatwa halirudi, na fundi mzee akiondoka anaondoka na ujuzi wake.

Ndugu zetu mlio na uwezo, wa Bukavu, Bujumbura au ng'ambo, kama mnataka kukusanya magari, anzieni nyumbani. Na wewe uliye na 404 au 504 ya marehemu baba imelala nyuma ya nyumba, kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma, mwite kwanza fundi mzee. Na vijana wawili watatu wasimame pembeni, waone anavyofanya.